Saa 20 za Ukerewe: ada hailipiki kwa kuosha wazee

Naandika kutoka Birmingham.

Kuna sentensi moja naisikia kila mwaka Septemba inapokaribia, na inatoka kwa watu wa kila aina: wakala wa vyuo pale Dar, binamu aliyewahi kukaa London wiki 2, mchungaji, wakati mwingine mzazi mwenyewe. Sentensi yenyewe ni hii: "Wewe lipa awamu ya kwanza tu, ada iliyobaki mtoto atajilipia hukohuko kwa kazi za saa chache." Inasemwa kwa upole, inasemwa kwa nia njema, na inaharibu maisha ya vijana wetu kuliko baridi ya Januari.

Nijitambulishe kidogo ili msione naongea hewani. Mimi ni muuguzi, shahada ya kwanza nilisoma Muhimbili, nikaja huku mwaka 2016 kwa shahada ya uzamili na viza ya mwanafunzi kama wanavyokuja wengi. Saa zangu 20 nilizifanya wodini kama msaidizi wa wauguzi. Kwa hiyo habari ya shifti za usiku, ya kupanda basi namba 11 saa 12 asubuhi ukiwa na sare ndani ya koti, na ya kusinzia kwenye mhadhara wa takwimu, sikuisoma gazetini.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina chama wala kabila.

Chukua kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kwa mwenye miaka 21 na kuendelea: pauni 12.21 kwa saa. Kima hiki hupanda kidogo kila Aprili, lakini na bei za vitu hazisubiri. Zidisha kwa saa 20, unapata pauni 244 na senti 20 kwa wiki. Sasa tufanye kijana wetu ni chuma: haugui, hafiwi, hana mitihani, hakosi shifti hata wiki moja kati ya wiki 52. Mwaka mzima atapata pauni 12,698. Kodi haitamgusa sana kwa kipato hicho, hilo ni jema.

Toa chumba. Selly Oak, Erdington, Handsworth, popote utakapopanga na wenzako, weka pauni 500 kwa mwezi. Hizo ni 6,000. Toa chakula, basi, simu, na sabuni, weka 250 kwa mwezi, na hapo unakula ugali kwa maharage, hununui viatu. Hizo ni 3,000. Amebakiwa na pauni 3,698. Ada ya mwanafunzi wa nje kwa shahada ya uzamili katika vyuo vya mji huu ni kuanzia kama 16,000 hadi zaidi ya 25,000, kutegemea chuo na kozi. Niambieni, hiyo 3,698 inalipa nini? Inalipa robo ya ada ya chuo cha bei rahisi, haifiki, na hapo hajamtumia mama hata pauni 20 ya dawa.

Hiyo ndiyo hali bora kabisa. Hali halisi ni kwamba mgeni akifika Septemba hapati kazi siku ya pili. Kuna namba ya bima ya taifa, kuna akaunti ya benki, kuna uchunguzi wa rekodi ya jinai kwa wanaotaka kuhudumia wagonjwa na wazee, kuna barua za wadhamini kutoka nyumbani ambazo mwajiri wa zamani hajibu barua pepe. Wengi huanza kupokea mshahara Novemba au Desemba. Awamu ya pili ya ada vyuo vingi huitaka Januari.

Waungwana, kuna jambo jingine ambalo wote tunalijua na hatulisemi: pesa ya maonyesho. Sheria inataka mwanafunzi aonyeshe kwamba ana pesa ya kujikimu. Kwa anayekuja nje ya London, tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani 10,539, na zikae benki siku 28 mfululizo. Kile kiasi hakikuwekwa ili kutukomoa. Ni makadirio ya serikali ya nchi hii ya kiasi ambacho mtu anahitaji ili asife njaa. Sisi tunafanyaje? Mjomba anaazima, shangazi anaazima, SACCOS inatoa, zinakaa siku 28, viza ikitoka kila mtu anachukua chake. Mtoto anapanda ndege na pauni 600 mfukoni. Halafu tunashangaa akifika Februari hana kitu.

Sasa twende kwenye saa zenyewe, maana hata hizo 20 watu hawazielewi, na asiyeelewa ndiye anayeumia.

Saa 20 ni kwa anayesoma shahada. Anayesoma kozi ya chini ya shahada ana saa 10 tu, nusu ya hesabu niliyowapigia. Wiki inahesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na haibebwi. Ukifanya saa 12 wiki hii huwezi kufanya 28 wiki ijayo ukasema wastani ni 20. Na saa ni za kazi zote ukizijumlisha, siyo 20 kwa kila mwajiri. Nimekutana na watu wazima, wenye shahada, wanaoamini kwamba waajiri 2 ni saa 40.

Mtego mkubwa zaidi uko kiangazi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akifunga chuo Juni anaruhusiwa kufanya kazi saa zote mpaka chuo kifunguliwe. Mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja anawaona wenzake, naye anaingia saa 40, 50. Kumbe kwake yeye miezi ile ya kuandika tasnifu ni muhula, siyo likizo, na kikomo ni kilekile cha saa 20. Hakuna aliyemwambia. Wakala hakumwambia kwa sababu wakala hulipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa anachokipeleka, na kamisheni haingoji tasnifu.

Halafu kuna baiskeli. Kijana anaona wenzake wanapeleka chakula majumbani kwa programu za simu, anaona pesa inaingia kila wiki, anakodi akaunti ya mtu. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa, hata saa moja, na kazi ile kisheria ni kujiajiri. Hapo makosa ni 2 kwa pamoja: kujiajiri, na kutumia jina la mtu mwingine.

Mtu ataniuliza, sasa nani atajua? Watajua. Mshahara wa halali unapita kwenye mamlaka ya kodi, na mamlaka ya kodi na wizara ya mambo ya ndani wanapeana taarifa. Mwajiri analazimika kuweka nakala ya tarehe za mihula yako. Wakubwa zetu waliokuja miaka ya 1990 hupenda kutuambia kwamba wao walibeba boksi usiku na mchana na leo wana nyumba Mbezi na Kigamboni, kwa nini vijana wa sasa ni walalamishi? Shikamooni, na hongereni. Lakini dunia mliyobebea boksi haipo. Mwaka 2008 mwajiri aliyekamatwa na mfanyakazi asiye na ruhusa alipigwa faini ya mpaka pauni 10,000 kwa kichwa. Tangu Februari 2024 ni mpaka 45,000 kwa kosa la kwanza na 60,000 kwa anayerudia. Meneja wa ghala aliyekuwa akifumba jicho zamani, leo halifumbi, kwa sababu jicho moja lina bei ya nyumba ya kijijini. Wengine wenu mlijilipua, mkapata makaratasi, na siwahukumu. Lakini msimpe mdogo wenu ramani ya mji uliobomolewa.

Anayebaki kukuajiri kwa saa za ziada ni yule ambaye anataka uwe na kosa. Naomba hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye uchungu.

Mtu anayekulipa mkononi nje ya saa zako anajua huwezi kwenda kushtaki. Atakulipa pauni 6 au 7 kwa saa, atakuambia mshahara wa mwezi huu atauunganisha na wa mwezi ujao, atakupigia simu saa 5 usiku, na wewe utasema ndiyo bosi. Februari 2023 mamlaka ya serikali inayopambana na unyonyaji wa vibarua ilitangaza kwamba zaidi ya wanafunzi 50 wa Kihindi huenda walikuwa wahanga wa utumwa wa kisasa katika nyumba za kulelea wazee kaskazini mwa Wales. Walikuwa wanafunzi, wana viza halali, wamesajiliwa vyuoni. Wafanyakazi wenzao ndio walioshtuka, kwa kuwaona wamechoka, wanaonekana wana njaa, kila wakati. Mahakama ikatoa amri dhidi ya watu 5 waliokuwa wakiwaajiri. Nilipoisoma habari ile sikuwaza Wahindi. Niliwaza nyuso ninazozijua hapa mjini, vijana 5 katika nyumba ya vyumba 3, wanaopokezana godoro kwa zamu, wa usiku akirudi wa mchana anaondoka.

Kijana mmoja wa kwetu, sitataja hata mkoa, alikuja kwa uzamili wa biashara. Mama yake alikuwa ameweka rehani kiwanja ili kulipa awamu ya kwanza. Alikuwa mpole, mwenye akili, wa kwanza darasani huko alikotoka. Ilipofika Januari awamu ya pili ikadaiwa. Akaanza kufanya usiku 3 kwa jina lake na usiku mwingine 2 kwa jina la rafiki. Mahudhurio yakashuka. Akafeli masomo 2, ada haijakamilika, chuo kikasitisha udhamini wa viza yake, ikaja barua ya kumpa siku 60 za kuondoka. Aliniletea ile barua nimsomee, ingawa Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alitaka tu mtu mwingine aisome kwa sauti. Nikamwambia arudi nyumbani ndani ya zile siku 60, rekodi yake ibaki safi, ataweza kuomba tena siku moja. Akaniuliza, "Dada, nitarudi kwa nani, na kiwanja kimekwenda?" Hakurudi. Leo ni mzamiaji, hana daktari wa kudumu, hana akaunti, anahama chumba kila baada ya miezi michache, na ana miaka 27.

Mtasema hayo ni yake, alijitakia. Basi nizungumze kama muuguzi. Mtu ambaye hajalala saa 30 anapewa wazee 8 usiku, awageuze kitandani kila baada ya saa chache wasipate vidonda, atumie mashine ya kumnyanyulia mtu mwenye kilo 90, akumbuke nani anapaliwa akinywa maji mepesi. Akisinzia, anayeumia ni bibi wa watu. Nimewapokea wazee wodini na vidonda ambavyo vilitokana na usiku wa namna hiyo. Naomba nieleweke, sidharau kazi ya kuosha wazee, na hilo neno lenyewe tunalitumia kwa dhihaka kuliko inavyostahili. Kumwosha mtu asiyejiweza bila kumvunjia heshima ni ujuzi, na wodini kwangu naweza kumtambua mwenye nao kwa dakika 5. Ninachokataa ni kuifanya kazi hiyo iwe benki ya kulipia ada.

Haya, tuseme amevumilia, amemaliza, ana cheti. Kazi ipo?

Hapa nataka wazazi wanisikilize kwa makini, kwa sababu mnapanga kwa kanuni za mwaka jana safari ya miaka 3 ijayo. Milango ya nchi hii hufunguka na kufungwa kwa upepo wa siasa za kwao, sisi hatupigi kura. Mwaka 2008 waliweka viza ya kubaki miaka 2 kufanya kazi baada ya masomo. Aprili 2012, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, ikafutwa. Mimi nilisoma katika kipindi hicho cha ukame: ukimaliza una miezi 4, ama upate mwajiri wa kukudhamini ama ufunge mizigo. Tarehe 1 Julai 2021 wakaifungua tena, ikaitwa viza ya wahitimu, miaka 2, na 3 kwa mwenye PhD. Halafu waliotangulia hawajakaa sawa, kozi zilizoanza kuanzia Januari 2024 mwanafunzi akakatazwa kuja na mke, mume au watoto, isipokuwa wa utafiti. Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba atakayeomba viza ya wahitimu kuanzia 1 Januari 2027 atapewa miezi 18, siyo miaka 2, wale wa PhD wakiachwa na miaka yao 3.

Na viza yenyewe haitolewi bure. Kwa bei za 2025 maombi ni pauni 880, na ada ya huduma ya afya 1,035 kwa kila mwaka. Kwa miaka 2 ni pauni 2,950 kabla hujatuma barua moja ya kuomba kazi. (Nilipokuja mimi 2016, mwanafunzi alilipa 150 kwa mwaka ya huduma ya afya. Tangu Februari 2024 ni 776.)

Baada ya hapo unahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Kijana aliyeanza shahada ya kwanza Septemba 2021 aliambiwa kima cha kawaida cha mshahara wa kudhaminiwa ni pauni 25,600. Alipovaa joho kiangazi cha 2024 kilikuwa 38,700. Tarehe 22 Julai 2025 kikawa 41,700. Mhitimu mpya ana punguzo, kwake ni 33,400, lakini punguzo hilo lina kikomo cha miaka 4, na ile miaka yake ya viza ya wahitimu imo ndani ya hesabu hiyo. Kampuni kubwa inayomdhamini inalipa serikali pauni 1,000 au zaidi kwa kila mwaka wa mkataba. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa ofisi ndogo hapa Digbeth. Mbele yako kuna barua 2 za maombi: ya kijana wa hapa asiyehitaji karatasi yoyote, na ya kijana wetu, ambaye katika mwaka wake wote wa masomo kazi pekee aliyoiandika ni zamu za usiku kwa wazee. Kozi yake ni ya uchambuzi wa data. Utamchagua nani?

Hilo ndilo hasa linaloniuma, kuliko hata uchovu. Saa zile za usiku hazikumpa pesa ya kutosha, na zimemla muda pekee ambao angeweza kuutumia kujenga jina. Wenzake wa darasani walikwenda kwenye maonyesho ya ajira ya chuo, wakakaa na mshauri wa kazi wakasahihishiwa wasifu, wakafanya mradi na kampuni, profesa anawajua kwa majina. Yeye profesa anamjua kwa kutokuwepo.

Zamani wengine walikuwa na jibu: ukishindwa ofisini, ubaki hukohuko kwa wazee wakudhamini. Ni kweli, Februari 2022 kazi ya uhudumu wa wazee iliingizwa kwenye viza ya afya, na wengi wetu, hasa ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Zimbabwe, walipita hapo. Machi 2024 wakazuiwa kuleta familia. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri kutoka nje. Waliomo ndani ya nchi wameachiwa upenyo wa kubadili viza mpaka Julai 2028, tena awe tayari amefanya kazi kwa mwajiri huyo angalau miezi 3. Kwa hiyo anayepanga leo kuingia chuo Septemba na kutokea kwenye upenyo huo, apige hesabu ya miezi mwenyewe.

Na wauguzi je? Naulizwa sana hili. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba wa watumishi wa afya, kwa hiyo hospitali za huku haziruhusiwi kuja kuwinda wauguzi kwetu. Ila mtu akiomba mwenyewe, kwa hiari yake, hakatazwi. Kenya walisaini makubaliano yao na Uingereza Julai 2021. Njia ipo, ila haipiti lazima kwenye ada ya pauni 18,000. Mwenye shahada ya uuguzi na uzoefu anaweza kuanza usajili wa baraza la wauguzi la Uingereza akiwa nyumbani: Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo akifika. Mimi wa vitendo niliufanya Northampton huku mikono inatetemeka. Lakini hata mlango huu usiuone mpana kama zamani. Mwaka 2025 wahitimu wa uuguzi wa hapahapa walilia kwamba nafasi hakuna, mpaka Agosti mwaka huo serikali ikalazimika kuwaahidi kuwa itawatafutia.

Sasa msinielewe kwamba nasema vijana wasije. Waje. Elimu ya huku nimeinywa, najua ladha yake, na maktaba ya kufunguliwa usiku kucha ni kitu ambacho mtoto wa Mtwara anastahili sawa na mtoto wa Solihull. Ninachosema ni kwamba aje na ada yote ya mwaka wa kwanza iliyo ya kweli, siyo ya kuazima siku 28. Kama ni kozi ya miaka 3, familia ijue kwa jina na kwa tarehe pesa ya mwaka wa 2 inatoka wapi. Kama haipo, aombe ufadhili wa serikali ya Uingereza kama Chevening au wa Jumuiya ya Madola, unaolipa ada na kumlisha, na kama mwaka huu amekosa aombe tena mwakani. Kusubiri mwaka mmoja Dodoma ukiwa na kazi siyo aibu.

Na akija, zile saa 20 azichague kama anavyochagua kozi. Vyuo vyenyewe huajiri wanafunzi: maktaba, kuongoza wageni, dawati la msaada, wasaidizi wa utafiti. Zinapatikana chache na zinagombewa, ndiyo maana aombe wiki ya kwanza, siyo mwezi wa tatu. Anayesoma mambo ya afya aingie kwenye orodha ya vibarua wa hospitali, achague zamu za wikiendi, aandikiwe barua na mtu wa fani yake. Mimi mwaka 2016 nililipwa kidogo kwa saa, kima cha chini kilikuwa pauni 7.20, lakini dada mkuu wa wodi ile ndiye aliyeandika barua iliyonipatia udhamini kabla ile miezi 4 haijaisha. Saa 12 kwa wiki za namna hiyo zina thamani kuliko 20 za kubeba boksi, na ninasema hivyo kwa heshima zote kwa wabeba boksi, maana ada ya wadogo zangu wengine imetoka kwenye mgongo huo.

Familia nazo zipunguze simu. Mwanafunzi wa saa 20 siyo mfadhili wa ukoo. Aliyeonekana kwenye picha mbele ya Bull Ring na koti zuri, lile koti pengine ni la kuazima. Kule Uasin Gishu, Kenya, wazazi waliuza ng'ombe na mashamba wakalipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Finland, na mwaka 2023 watoto wakiwa kwenye baridi wakakuta ada haijafika chuoni. Wale walidhulumiwa na watu. Sisi wengine tunajidhulumu kwa hesabu ambayo hatukuipiga.

Hoja yangu kwa serikali ni ndogo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayosajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje. Iwatake wampe kila mzazi karatasi moja ya Kiswahili kabla hajalipa hata senti: ada ya miaka yote, gharama ya kuishi mji ule, saa zinazoruhusiwa na kima cha mshahara, kisha jumla na pengo lililobaki, na mzazi atie sahihi kwamba ameliona pengo. Wakala aandike pia kamisheni anayolipwa na chuo. Ubalozi wetu London uiweke karatasi hiyohiyo kwenye tovuti yake na kuirekebisha kila kanuni inapobadilika, maana zinabadilika kila mwaka. Na sisi tulioko huku, kwenye vikundi vyetu vya Birmingham, Coventry na Leicester, misikitini na makanisani, mdogo wetu akipiga simu kuuliza maisha yakoje, tumtajie kodi ya chumba na mshahara wa wiki kwa tarakimu. Mimi slipu zangu za mwaka 2016 bado ninazo, na anayetaka kuziona nitamwonyesha.

Naomba kuwasilisha.